Ukoo Ndio Uliolea Kriketi ya Nairobi

Majina ya vilabu vya kriketi vya Nairobi, hasa vile vya Parklands, Ngara na mitaa ya jirani, yanasomeka kama orodha ya madhehebu na jamii za Bara Hindi. Aga Khan ni ya Waismaili. Sir Ali Muslim, kama jina linavyosema, ni ya Waislamu. Swamibapa ina jina la kiongozi wa kiroho wa Waswaminarayan. Kanbis ni ya Wapatel wenye asili ya Kachi. Na Simba Union ilianza kama klabu ya Masingasinga. Wengi huyasikia majina haya wakaona masalia tu ya ubaguzi wa kikoloni. Hukumu hiyo ina ukweli, ila ni ya haraka. Vilabu hivi vilikuwa taasisi za kijamii kwanza na za michezo baadaye, na naona hiyo ndiyo sababu kriketi ilidumu Nairobi muda mrefu namna hii.

Serikali ya kikoloni iliupanga mji kwa rangi. Wazungu walikaa kwenye miinuko ya magharibi, Wahindi wakawekwa Ngara na Parklands, Waafrika wakasukumwa mashariki. Viwanja navyo vikafuata mpango huo: tangu 1910 maofisa wa serikali walikuwa wakipambana na walowezi, Wazungu kwa Wazungu, na kuanzia 1933 timu ya Wazungu ikawa inakutana na ya Waasia. Jamii iliyofungiwa mlango wa wengine hujenga wa kwake, na anayejenga kwa michango ya nduguze hajengi uwanja peke yake. Hujenga na ukumbi wa arusi, jiko, na baraza la wazee. Kriketi ilifaa sana maisha hayo, kwa kuwa mechi inayokula Jumapili nzima haiwezi kuendeshwa na wachezaji kumi na mmoja tu. Lazima awepo wa kupika, wa kuandika alama, wa kuwaangalia watoto, na mzee wa kulalamika kivulini kwamba vijana wa leo hawajui kuilinda wiketi. (Malalamiko hayo, nadhani, ni ya lazima kuliko chai.) Mtoto aliyelelewa pembeni mwa uwanja aliujua mchezo kabla ya kufundishwa, na mwanawe baada yake hivyo hivyo.

Atasema mtu: huo ni ukuta uliopakwa rangi nzuri, maana Mwafrika alibaki nje yake. Ni kweli alibaki nje kwa miaka mingi, na vilabu haviwezi kudai sifa ya kuuvunja ukuta huo kwa hisani. Lakini tutazame jinsi ulivyovunjika. Akina Tikolo na akina Odumbe, familia za Kiafrika zilizotoa wachezaji wa timu ya taifa, walikulia jirani na uwanja wa Sir Ali Muslim. Kilichowaingiza mchezoni ni ujirani, wala si sera ya chama cha taifa. Kisha mchezo ukapita kwao kwa njia ile ile uliyopita kwa Wapatel, yaani ndani ya nyumba: Tom Tikolo akafuatwa na mdogo wake Steve, Maurice Odumbe akawa na Edward, Martin Suji na Tony, na akina Obuya wakawa watatu: Kennedy, David na Collins. Tarehe 29 Februari 1996, katika Kombe la Dunia, mjini Pune, Kenya ilitolewa kwa mikimbio 166, kisha ikaiangusha West Indies kwa 93. Maurice Odumbe, aliyekuwa nahodha, alichukua wiketi tatu. Mwaka 2003 Kenya ikafika nusu fainali ya Kombe la Dunia, Steve Tikolo akiwa nahodha. Kikosi hicho kilikuwa zao la koo chache zilizoishi karibu na viwanja vichache.

Pingamizi zito zaidi linatoka Uganda. Idi Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972, kriketi ilipoteza nguzo ya jamii iliyoibeba, lakini haikufa. Ilishikiliwa na shule kama Busoga College Mwiri, na mwaka 2024 Uganda ikacheza Kombe la Dunia la T20, Brian Masaba akiwa nahodha, ikaishinda Papua New Guinea. Je, si ushahidi kwamba ukoo hauhitajiki? Hapana, ni ushahidi kwamba shule ya bweni inaweza kuchukua nafasi ya ukoo, kwa kuwa nayo ina wakubwa na wadogo, desturi za kurithishana na uwanja ulio karibu na mahali mtoto anapolala. Kenya iliyopoteza hadhi ya kucheza mechi za kimataifa za siku moja mwaka 2014 ilikosa vyote viwili. Wengi hulaumu fedha na uongozi wa chama, na lawama hizo zina msingi. Lakini fedha zilipokuwepo baada ya 2003, hazikuzaa Ngara nyingine huko Eastlands, mashariki mwa mji, ambako watoto ni wengi na ardhi ya kuchezea haba.