Sura ya Sita: Dude Lenye Masharti

Godzilla wa mwaka 2014 ana kimo cha mita 108. Minyoo ya Tremors, picha ya mwaka 1990, haifiki hata sehemu ya kumi ya urefu huo, na muda mwingi imejificha chini ya mchanga wa Nevada. Kwa ukubwa, hapo hakuna mashindano. Lakini ukiniuliza ipi kati ya hizo mbili niitazame tena Jumamosi hii, nitachukua minyoo bila kusita, na nina hakika kibanda umiza chochote kilichojaa watu kitapiga kelele zaidi kwa minyoo kuliko kwa Godzilla huyo. Kwa nini?

Jibu ambalo wapenzi wa filamu hukimbilia ni kwamba dude likifichwa linanoga. Ushahidi wao ni Jaws ya Steven Spielberg, mwaka 1975. Papa wa bandia aliyetengenezwa kwa ajili ya picha hiyo, ambaye mafundi walimpa jina la Bruce, alikuwa akiharibika kila alipotiwa kwenye maji ya chumvi. Upigaji picha uliopangiwa siku 55 ukafika siku 159. Spielberg, kwa kukosa papa wa kuonyesha, akaonyesha bahari, pezi na muziki wa John Williams, na watu wakaogopa kuoga baharini. Hadithi ni ya kweli, ila fundisho linalotolewa humo halitoshi. Godzilla wa 2014 naye alifichwa: katika picha ya saa mbili haonekani hata robo saa, na watazamaji wengi walitoka wakinung'unika kwamba wamelipia dude wakaonyeshwa vumbi. Upande wa pili kuna The Host ya Bong Joon-ho, ya Korea Kusini, mwaka 2006. Humo dude la mto Han linatoka mchana kweupe, picha ikiwa bado mbichi, linawakimbiza watu bustanini na tunaliona lote, mkia hadi meno. Burudani haikupungua hata chembe.

Kwa hiyo kuficha ni mbinu tu, si siri yenyewe. Siri ni masharti. Msikilizaji wa ngano zetu analijua hili tangu utotoni: mtu anakabidhiwa funguo za nyumba na kuambiwa fungua vyumba vyote ila cha saba, na kuanzia hapo hatuwazi kingine ila chumba cha saba. Dude la sinema linaburudisha kwa kadiri tunavyoyajua masharti yake: linasikia nini, haliwezi nini, linakuja kwa njia gani. Tukishayajua, tunaanza kucheza mchezo pamoja na steringi. Tusipoyajua, tunabaki kutazama majengo yakianguka.

Tremors ndiyo darasa bora la jambo hili, ndiyo maana nitakaa nayo kidogo. Val na Earl, vibarua wawili wa kazi za mkono katika kijiji kilichosahaulika, wanagundua kwamba minyoo haina macho. Inafuata mtetemo. Ukisimama kimya, haikuoni, ukikimbia, umekwisha. Na haiwezi kupenya mwamba. Basi wanapanda juu ya jiwe kubwa, wanalala hapo usiku kucha, na asubuhi mwanafunzi wa elimu ya mitetemo ya ardhi aliye pamoja nao, Rhonda, anachukua fito ndefu na kuanza kuruka nazo kutoka jiwe hadi jiwe bila kugusa mchanga. Hakuna mlipuko wala bunduki katika tukio hilo. Kuna fito, mawe na mchanga ulio kimya, na mtazamaji ameshika kiti kwa sababu anajua vizuri kabisa kitakachotokea mguu ukiteleza.

Baadaye wanakijiji wanapanda kwenye mapaa. Tunashusha pumzi, maana tunajua minyoo haipandi juu. Ndipo minyoo inapoanza kuchimba misingi ya nyumba ili ziporomoke.

Hapo ndipo penye utamu wenyewe. Dude zuri linatupa sharti, linatuacha tulizoee, kisha linajifunza. Jaws inafanya hivyohivyo kwa mapipa ya manjano. Quint, mvuvi mzee, anamchoma papa kwa vyusa vilivyofungwa mapipa, na anawahakikishia wenzake kwamba akishafungwa matatu hawezi kuzama nayo. Papa anazama nayo matatu yote. Bahari inabaki tupu, na nyuso za wale wanaume watatu zinatuambia kila kitu. Hatukumwona papa, tumeona sharti likivunjwa.

Jurassic Park ya mwaka 1993 ni ya Spielberg yuleyule, na sidhani kuna aliyeumudu mchezo huu kuliko yeye. Dinosaria wake wanaonekana kwa jumla ya kama robo saa tu katika picha ya dakika 127. Tazama tukio la mvua. Gari limesimama, na ndani yake kuna vikombe viwili vya maji. Maji yanatetemeka, duara ndani ya duara, kabla ya chochote kuonekana. Mafundi walihangaika kuyapata yale maduara, mwishowe wakafunga uzi wa gitaa chini ya vikombe na kuupiga. Kisha Dakta Grant anatoa sharti: T. rex haoni kisichosogea. Wataalamu wa mabaki ya kale wanalikataa. Mnyama huyo alikuwa na macho makali. Hilo halitusumbui. Sharti la sinema linatakiwa kuwa wazi na kufuatwa, halilazimiki kuwa la kweli. Baadaye mwenzake Ellie anasema kwamba wako salama, labda dinosaria aina ya raptori wajifunze kufungua milango. Picha inahamia jikoni, waliko watoto, na kitasa kinashuka.

Sasa rudi kwa Godzilla wa 2014. Binadamu wake wanakimbia huku na huko, lakini chochote wafanyacho hakibadilishi kitu. Dude linapigana na madude mengine kwa sababu zake. Mfululizo huo ulipofika Godzilla x Kong: The New Empire, mwaka 2024, watengenezaji waliacha kujisumbua kuhusu watu na kutuandalia masumbwi. Iliingiza zaidi ya dola milioni 550 duniani, na sitambeza aliyeifurahia, maana masumbwi nayo ni burudani. Ila kila pigano lina silaha mpya iliyotoka kusikojulikana, na mwenye nguvu anashinda kwa sababu muda wa picha umekwisha. Ukiikosa nusu saa ya katikati hujapoteza kitu.

Wajapani, wenyewe wa Godzilla tangu mwaka 1954, walikuwa wameshaonyesha njia nyingine mwaka 2023 kwa Godzilla Minus One ya Takashi Yamazaki. Ilipata Oscar ya madoido ya kuona ikiwa na timu ya mafundi 35 tu. Lakini kilichoninasa ni kikao. Katikati ya picha mtaalamu mmoja anasimama mbele ya mabaharia wa zamani na kuwaeleza mpango: tutamzungushia mitungi ya gesi, mapovu yatamzamisha ghafla kwenye kina kirefu, shinikizo la maji limponde, ikishindikana, tutamvuta juu kwa kasi kwa maputo. Tunaelezwa kila hatua mapema, kwa hiyo hatua zinapoanza kwenda mrama baharini tunajua hasa kilichoharibika na kilichobaki.

Kipimo hiki kinaigusa hata picha yenye mkasa wa kwetu. The Ghost and the Darkness ya mwaka 1996 inasimulia simba wawili wa Tsavo waliosimamisha ujenzi wa daraja la reli mwaka 1898. Historia yenyewe ni tamu kuliko filamu. Patterson, mhandisi, alitengeneza mtego wa behewa, akaweka askari wenye bunduki nyuma ya nondo kama chambo. Simba akaingia, wale askari wakafyatua risasi ovyo, mnyama akatoka salama. Filamu inalo tukio hilo. Lakini imewafanya simba wawe mashetani wanaoua kwa kupenda, wanaoweza kutokea popote, hata ikawapa manyoya marefu ya shingoni ambayo simba wale hawakuwa nayo, kama yeyote anavyoweza kuthibitisha katika jumba la makumbusho la Field, Chicago, walikowekwa. Shetani hana masharti. Wawindaji wanapopanga mtego, hatujui kama una maana, na mbinu zao zote zinageuka bahati nasibu. Simba wa kweli, wenye njaa, tabia na njia zao za usiku, wangetupa picha bora zaidi.

Kwa hiyo orodha yangu ni hii: Tremors kileleni, Jurassic Park na Jaws zikiifuata bega kwa bega, kisha Minus One na The Host. Wa Tsavo wanabaki katikati kwa ajili ya lile behewa. Godzilla x Kong iwe ya siku unayotaka kutazama huku unakula.