Mti Uliojaribiwa Mara Mbili

Mwaka 1907 Reli ya Uganda ilikuwa inakula kuni. Treni zilizopanda kutoka pwani na kupita Ukambani kuelekea ziwani ziliendeshwa kwa moto wa miti, na misitu iliyokuwa jirani na njia isingeweza kuzilisha kwa muda mrefu. Afisa wa misitu aliyeitwa Battiscombe akatenga ardhi ukingoni mwa Nairobi, akapanda miti ya kigeni ili aone ni ipi itakayoshika na kukua haraka. Shamba hilo la majaribio ndilo Bustani ya Miti ya Nairobi, ambayo wakazi huiita Arboretum tu: hekta zipatazo 30 kando ya barabara ya Ikulu, zenye zaidi ya aina 350 za miti.

Kwa mtu wa Machakos safari ni fupi. Matatu inashuka hadi Kyumbi, inaingia barabara ya Mombasa, na ukitoka asubuhi, kabla ya adhuhuri uko kivulini. Wengi huenda kupumzika, kusali, kupiga picha au kuwatazama tumbili. Ningekuomba uitembee bustani hii kama msomaji anayepekua daftari la majaribio la miaka zaidi ya mia. Kila mti wa kigeni uliosimama pale, uwe umetoka Australia, Asia au Amerika, ulipandwa kujibu swali: je, utaota hapa?

Anza na mgrivilea, maana huo unaujua. Majani yake yamechanika kama ya jimbi, na chini yake yana rangi ya fedha. Kwao ni mashariki mwa Australia. Ulipoletwa Afrika Mashariki ulikusudiwa kuitilia kivuli mimea ya chai na kahawa, kisha wakulima wadogo wakauchukua wenyewe, na leo umejipanga mipakani na kwenye kingo za matuta ya fanya juu kote katika milima ya Machakos. Una sababu za kupendwa. Ukikatwa matawi huchipua tena, kwa hiyo mkulima anapata kuni bila kuung'oa mti. Tena mizizi yake huota vishada vya vijizizi vinavyotoa asidi hafifu, na asidi hiyo hufungua fosforasi iliyonaswa udongoni. Mti wa namna hii hupata chakula mahali ambapo mingine hufifia.

Basi mgrivilea ulifaulu mtihani wa Nairobi. Lakini mkulima wa Machakos ana swali zito kuliko lile la Battiscombe. Haulizi kama mti utaota. Anauliza mahindi yaliyo kando yake yatakunywa nini.

Swali hilo lilichunguzwa papa hapa Machakos, katika kituo cha utafiti wa kilimo mseto cha ICRAF, miaka ya 1990. Wanasayansi walipanda migrivilea pamoja na mahindi, wakaifunga mashina vifaa vinavyolipasha shina joto kidogo na kupima joto hilo linavyochukuliwa na maji yanayopanda kwenda majanini. Kwa njia hiyo mti unapimwa kiu yake ukiwa hai, bila kukatwa. Matumaini yalikuwa kwamba mizizi ya mti ingezama, ikanywe maji ya chini ambayo mahindi hayayafikii. Lakini ili mti unywe chini, lazima kuwe na maji huko chini. Katika nchi yenye misimu miwili mifupi ya mvua, mara nyingi maji hulowesha udongo wa juu tu, na hapo mti na mahindi hugombea tabaka lile lile. Miti ilipokuwa midogo mahindi hayakudhurika sana. Ilipokua mavuno yalishuka vibaya, hasa misimu ya ukame, ingawa kivuli kilipunguza maji yanayopotea kwa kukauka kwa udongo.

Naona utafiti ule unastahili kujulikana na kila mwenye shamba kuanzia Iveti hadi Mwala. Haumwambii ang'oe migrivilea yake. Unamwambia kwamba mti una gharama ya maji, na kwamba kupogoa matawi na kupunguza mizizi ni kazi ya kilimo sawa na kupalilia.

Ndiyo maana natamani sana mji wa Machakos uwe na bustani yake ya miti, yenye vibao, ambamo mtoto wa shule atakuta miti ya nchi kavu imepewa nafasi ya kwanza. Wa kuanzia ungekuwa mukau. Huu ni ndugu wa mwarobaini, asili yake ni Afrika Mashariki yenyewe, unastahimili ukame, na mbao zake haziliwi ovyo na mchwa. Tatizo lake ni mbegu. Zimefungwa ndani ya kokwa ngumu mno, na wakulima wa Ukambani kwa muda mrefu wameziokota kwenye mazizi, baada ya mbuzi kula tunda na kuacha kokwa. Kwenye vitalu, kokwa hupasuliwa kwa kisu na nyundo ya mti, mbegu ikatolewa, ikakatwa ncha na kulowekwa. Tangu 2012 taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, ikishirikiana na Wajapani, imekuwa ikikuza mikau bora katika mashamba ya mbegu huko Tiva, Kitui, na Kibwezi.

Kuna njia ya mkato: kupanda vipandikizi vya mukau badala ya mbegu. Lakini watafiti waliofukua mizizi waligundua kwamba miti iliyotokana na vipandikizi hutandaza mizizi karibu zaidi na uso wa ardhi kuliko ile ya mbegu, yaani palepale penye mizizi ya mahindi. Kwa hiyo yule mama wa kitalu anayepasua kokwa moja moja kwa kisu tayari anaamua mti utakunywa maji ya tabaka gani.