Uzi Uliojificha Ndani ya Chupa

Haya wanangu, sogeeni. Kila mmoja atafute chupa tupu ya maji, ile ya plastiki angavu, aipindue atazame kitakoni. Mmeiona pembetatu ya mishale? Ndani yake aghalabu mna namba 1. Tuifuate namba hiyo, maana chupa yenye alama hiyo inaweza kugeuzwa kichujio cha hewa, kitambaa cha kunasa vumbi na moshi kabla havijafika mapafuni.

Namba 1 inatuambia kwamba plastiki hii ni PET. Ilitengenezwa mara ya kwanza mwaka 1941 na wanakemia wawili wa Uingereza, John Rex Whinfield na James Tennant Dickson. Wala hawakuwa na haja ya chupa. Walikuwa wameajiriwa na Calico Printers' Association ya Manchester, kampuni ya kupiga chapa vitambaa, na walichokitafuta ni uzi. Wakaupata: ndio poliesta, na huenda umo kwenye sare zenu za shule. Chupa ilikuja nyuma sana, pale Mmarekani Nathaniel Wyeth alipopewa hataza yake mwaka 1973. Kwa hiyo shati limeitangulia chupa, ingawa vyote ni kitu kimoja.

Kwa nini PET inakubali kuwa uzi? Kwa sababu molekuli zake ni minyororo mirefu iliyosokotana. Ukiilainisha na kuivuta, minyororo inajinyoosha na kushikana bila kukatika. Chumvi haina minyororo ya namna hiyo, ndiyo maana hakuna aliyewahi kuvaa shati la chumvi.

Viwanda vingi duniani vinalijua hili. Huosha chupa, huzikatakata, huziyeyusha kwenye joto la nyuzijoto 260 hivi, kisha husukuma uji wake mzito kupitia vitundu vidogo. Zinatoka nyuzi za kujazia mito na makoti ya baridi. Basi si tuzichukue nyuzi hizo tutengeneze kichujio? Tunaweza, ila kitakamata vumbi kubwa tu. Nyuzi zenyewe ni nene mno.

Nene? Uzi usiozidi unywele? Naam. Chukueni rula mtazame nafasi ya milimita moja, kisha igaweni kwa mawazo mara 1,000. Kila kipande ni mikromita moja. Unywele wa mtu una unene wa mikromita 70 hivi, na nyuzi za mito kwa kawaida huzidi mikromita 10. Vumbi linalowatia madaktari wasiwasi ni lile lisilozidi mikromita 2.5, kwa kuwa hupenya mpaka ndani kabisa ya mapafu. Punje nyingi za moshi ni ndogo hata kuliko hizo.

Hapa ndipo watu wengi, watu wazima wakiwemo, hukosea. Hudhani kichujio cha hewa ni kifumbu cha tui: matundu yawe madogo kuliko chicha, basi chicha inabaki juu na tui linapita. Kingekuwa hivyo, tungehitaji matundu madogo kiasi kwamba hewa yenyewe ingeshindwa kupita, na mvaaji wa barakoa angezimia. Nafasi zilizo kati ya nyuzi za kichujio kizuri mara nyingi ni kubwa kuliko vumbi linalonaswa. Vumbi lingeweza kupita. Halipiti.

Hewa ikifika kwenye uzi, huukwepa kwa kupinda pembeni. Punje kubwa iliyobebwa na hewa hiyo ni nzito, inakuja kwa kasi, haiwezi kukata kona: inagonga uzi na kunata. Iliyo ndogo kidogo kuliko hiyo inajitahidi kupinda pamoja na hewa, lakini inapita karibu mno, ubavu wake unagusa uzi, nayo inanata. Ndogo kupindukia nazo zina kisa chao. Hizo hupigwa kikumbo na molekuli za hewa kutoka kila upande, zikawa zinayumba huku na huko bila kutulia, na katika kuyumba huko hujikuta zimeangukia uzi. Kwenye udogo wa kiasi hicho hakuna haja ya gundi, kikigusa kimeshika.

Sasa, ipi inatoroka kwa urahisi? Si ndogo kuliko zote. Ni ya katikati, yenye mikromita 0.3 hivi: nyepesi mno kugonga, kubwa mno kuyumba. Ndiyo maana vichujio vya daraja la HEPA nchini Marekani hupimwa kwa punje za ukubwa huo, na ni lazima vinase asilimia 99.97 yake.

Silaha ya kukamata hizo za katikati ni uzi mwembamba. Fanyeni hesabu: plastiki ileile, ukiuvuta uzi wake upungue unene mara 10, urefu unaongezeka mara 100. Vizuizi vinakuwa vingi, na hewa bado ina njia.

Njia mojawapo ya kuuvuta namna hiyo ni umeme. Vipande vya chupa huyeyushwa, safari hii kwa kemikali kali badala ya moto, mpaka viwe kimiminika kizito kama asali. Hutiwa kwenye bomba la sindano. Sindano huunganishwa na umeme wa volti 10,000 na zaidi, na mbele yake husimamishwa bamba la chuma. Tone linalochungulia kwenye ncha ya sindano huvutwa na umeme mpaka linachongoka. Umbo hilo lilielezwa kwa hesabu na mwanasayansi wa Uingereza Geoffrey Taylor mwaka 1964. Kwenye ncha yake huchomoka uzi unaojitupatupa hewani kwa kasi, kemikali zinavukizwa njiani, na bambani kinatandazwa kitambaa cheupe chepesi.

Ufundi huu si mgeni. Anton Formhals alipata hataza yake Marekani mwaka 1934, na mwishoni mwa miaka ya 1930 Igor Petryanov-Sokolov na wenzake mjini Moscow walikuwa tayari wanatengeneza vichujio kwa njia hiyo. Barakoa za vitambaa vya Petryanov zilivaliwa na waliosafisha Chernobyl baada ya ajali ya kinu cha nyuklia mwaka 1986.

Kipya ni takataka kuwa malighafi. Mwaka 2015 watafiti wa chuo cha KTH mjini Stockholm, Sweden, walieleza jinsi walivyopata kwenye chupa zilizotumika nyuzi zenye unene wa mikromita 0.4 hadi 4.3. Wakapitisha moshi wa sigara. Kitambaa chao kiliweza kubeba moshi wenye uzito mara 43 ya uzito wake chenyewe. Mwaka 2018 wenzao wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Singapore walishika njia nyingine: chupa moja ikawatolea karatasi nyepesi ya ukubwa wa A4, yenye vinyweleo tele, ya kuwekwa ndani ya barakoa. Wakiipaka kemikali za amini, inafyonza hata hewa ya ukaa.

Mimi nawasifu, ila sitawadanganya. Kemikali za kuyeyushia PET ni za sumu, na kiwanda kisichozidhibiti kitachafua hewa ileile kinayodai kuisafisha. Kichujio kikijaa nacho ni takataka. Msije mkajaribu kuyeyusha chupa jikoni. Moshi wake ni mbaya kuliko vumbi mnalolikimbia. Kazi yenu iwe kutenga: chupa za namba 1 peke yake, vifuniko vitolewe kwa kuwa ni plastiki ya aina nyingine, zisuuzwe, apewe mkusanyaji.

Na jambo moja msilisahau. Kitambaa cha nyuzi hunasa punje, hakinasi gesi ya kaboni monoksidi inayotoka kwenye mkaa. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, na huua watu usingizini. Kabla ya kulala, hata mkiwa na kichujio bora kuliko vyote, jiko la mkaa litolewe nje.