Injini mpya, mguu wa zamani: somo la drifti kule Gongoni

Gari lilizunguka mara mbili na nusu, likasimama likiangalia kule lilikotoka. Vumbi liliposhuka tukamwona jamaa yetu ndani, mikono yote miwili kwenye usukani, kimya. Hatua kumi hivi kutoka kwake kulikuwa na mapipa tuliyoyapanga wenyewe. Nyuma ya mapipa tulikuwa sisi.

Ilikuwa Jumapili asubuhi, kwenye kiwanja cha mtu binafsi upande wa Gongoni, kaskazini mwa Malindi, huko kwenye mashamba ya chumvi. Mwenyewe alikuwa ametupa ruhusa. Na huyu jamaa si mgeni wa drifti. Miaka miwili ameiteleza hiyo Mark II yake, GX100, bila kugusa pipa hata moja. Kilichobadilika ni kitu kimoja tu. Alikuwa ametoa injini ya 1G-FE akaweka 1JZ-GTE.

Cheki hesabu. 1G-FE ya lita mbili ilitoka kiwandani na farasi kama 140. 1JZ ya lita 2.5, yenye tabo, ina farasi 280. Ni mara mbili. Lakini si idadi ya farasi iliyomzungusha, ni wakati zinapofika. Ile ya zamani unaibembeleza mpaka ipite mizunguko 4,000 ndipo ivute vizuri. Hii ya VVT-i inakupa msukumo wake wote ikiwa kwenye mizunguko 2,400 tu. Mguu wako bado unasubiri, tairi za nyuma zishaondoka.

Injini ndogo ina mtindo wake. Hata Keiichi Tsuchiya, yule Mjapani waliyemwita mfalme wa drifti, alipata jina na Toyota AE86 ya cc 1,587. Gari kama hilo huliteleshi kwa nguvu, unaliteleza kwa mwendo. Unaingia kona na kasi, unavuta hendibreki au unapiga klachi teke, halafu unakanyaga mafuta hadi chini na kuyaacha hapo hapo. Ukilegeza kidogo tu, tairi zinashika na drifti imekufa.

Sasa chukua tabia hiyo uitie kwenye 1JZ. Kasi ile ile, teke lile lile, mafuta hadi chini. Ndivyo alivyofanya.

Fundi aliyemfungia injini, mzee wa makamo kutoka Kilifi, alimfuata pale garini. Hakupiga kelele. "Mwanangu, zamani ulikuwa unaisukuma hii gari. Sasa kazi yako ni kuizuia."

"Lakini mzee, nilikanyaga kama kawaida."

"Hiyo kawaida imebaki gereji, na ile injini ya zamani."

Akamwanzisha upya kama mwanafunzi. Kwanza duara moja, pipa moja katikati, gia ya pili, mwendo wa kutembea. Ingia polepole, mafuta ndiyo yaanzishe mtelezo, si hendibreki. Pili, nusu ya kanyagio inatosha, na usilikanyage kwa pupa. Tatu, hapa ndipo wengi huumia: ukiona nyuma inatoka sana, usiachie mafuta ghafla. Tairi zitashika kwa mpigo na gari litakurusha upande wa pili. Punguza kidogo kidogo. Nne, acha usukani ujirudishe wenyewe mikononi, wewe uudake tu pale unapotaka.

Na si mguu peke yake. Toyota walipoiweka injini hii kwenye Tourer V, waliipa breki kubwa zaidi. Jamaa yetu alikuwa bado na breki za lita mbili. Joto la pwani nalo halina huruma kwa tabo, kwa hiyo rejeta ikaguliwe na gari lipumzishwe kila baada ya mizunguko michache.

Kubadilisha injini si dhambi wala si mambo ya vijana wa mtandaoni tu. Mwaka 2013 Ian Duncan alishinda East African Safari Classic na Ford Capri Perana, gari ambalo Basil Green kule Afrika Kusini alitoa V6 yake akatia V8 ya lita tano. Tofauti ni kwamba Duncan alikuwa ameshinda Safari Rally tangu 1994. Alikuwa na mguu wa kutosha.

Jambo la mwisho, na usiliruke. Nambari ya injini imo kwenye logbuku. Ukibadilisha injini, peleka taarifa NTSA na uambie watu wa bima, la sivyo siku ya ajali utalipa mwenyewe. Na barabara ya Malindi kwenda Mombasa ina watoto wa shule, tuktuk na bodaboda. Hapo si uwanja wako.

Jamaa yetu alirudia duara lile Jumapili nne mfululizo. Ya tano aliniita, "Bro, ingia."

Niliyatazama mapipa, nikaingia, nikafunga mkanda.