Wekundu wa kipimo cha mimba ni dhahabu

MSTARI mwekundu kwenye kipimo cha mimba kinachouzwa katika maduka ya dawa mtaani Makongeni, Thika, unaweza kubadili maisha ya mwanamke kwa dakika chache. Ni wachache wanaofahamu kwamba, katika vipimo vingi vya aina hiyo, wekundu huo ni dhahabu.

Si dhahabu ya pete wala ya mkufu. Ni fuwele ndogo mno, ambazo kwa kawaida huwa na upana wa nanomita 20 hadi 40. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Kiasi kilichomo katika kijiti kimoja ni kidogo hivi kwamba hakuna sonara atakayejisumbua kukichokora.

Kipande kikubwa cha dhahabu huwa cha manjano. Katika fuwele ndogo kiasi hicho, elektroni huyumba kwa pamoja zinapopigwa na mwanga, na kwa kuyumba huko humeza mwanga wa kijani. Unaobaki kulifikia jicho ni mwekundu.

Fuwele zikigandamana, rangi huelekea zambarau na buluu. Zikirefushwa mithili ya vijiti, humeza mwanga mwekundu na hata ule usioonekana kwa macho. Metali ni ileile. Kilichobadilika ni umbo na ukubwa tu.

Mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday alieleza mwaka wa 1857 kuwa maji mekundu aliyoyatengeneza yalikuwa na chembe ndogo sana za dhahabu. Namna ya kuzidhibiti chembe hizo ilichunguzwa kwa kina baadaye na John Turkevich na wenzake wa Marekani, mwaka wa 1951.

Katika njia yao, ambayo ingali inatumika, maji yenye chumvi ya dhahabu huchemshwa kisha hutiwa sitreti, kemikali inayotokana na asidi iliyomo katika ndimu. Atomu za dhahabu hujikusanya kuwa mbegu, nazo mbegu hukua. Sitreti ikizidishwa, mbegu huwa nyingi na fuwele hubaki ndogo. Ikipunguzwa, fuwele hunenepa. Aidha, sitreti huzifunika fuwele na kuzizuia zisishikamane.

Kuhusu umbo, siri ni kupata kemikali inayong'ang'ania baadhi ya nyuso za fuwele na kuzipunguzia kasi ya kukua. Mwaka wa 2002, Yugang Sun na Younan Xia, wakiwa Seattle, walitangaza kwamba kwa mbinu hiyo walikuwa wamepata fuwele za fedha zenye umbo la mchemraba.

Kiwandani, fuwele za dhahabu huvishwa kingamwili zinazoishika homoni ya ujauzito. Mkojo unapopanda kwenye utepe huzibeba hadi penye kingamwili nyingine, zilizobandikwa kwa mstari. Homoni ikiwapo, fuwele hunaswa hapo kwa wingi hadi jicho likaona wekundu. Vipimo vingi vya haraka vya malaria, ambavyo hutumia tone la damu, hufanya kazi vivyo hivyo.

Hapa ndipo udhibiti wa fuwele unapokuwa jambo zito. Zikishikamana kabla ya kutumika, mstari unaweza kufifia au usionekane kabisa, na mwenye mimba akaambiwa hana. Joto nalo huharibu kingamwili, ndiyo sababu pakiti huonyesha kiwango cha joto kisichopaswa kupitwa. Kipimo kilichoachwa juani hakiaminiki.

Mstari wa pili, ule wa uthibitisho, usipotokea, matokeo hayafai na sharti kipimo kirudiwe. Mstari mwekundu hafifu uliotokea katika muda ulioandikwa kwenye pakiti huhesabiwa kuwa mstari. Ule wa kijivu unaojitokeza baada ya muda huo kupita, mara nyingi ni alama ya mkojo uliokauka.