Mringaringa Uani: Ua, Kivuli na Sadaka

Miteremko ya Kilungu, katika Kaunti ya Makueni, imekatwa matuta yaitwayo fanya juu, kwa kuwa udongo wa mfereji hutupwa upande wa juu. Matuta hayo huzuia mvua isiihamishe rutuba, lakini tuta lisiloshikwa na mizizi halidumu. Kwa hiyo tunazihimiza familia zenye makazi au ndugu huko zipande mti wa asili karibu na nyumba, nasi tunauchagua mringaringa.

Maua yake ni meupe, yenye harufu nzuri, na nyuki huyapenda. Majani yake mapana hupukutika na kuirutubisha ardhi. Mbao zake hufaa kwa samani, ngoma na mizinga. Mkaratusi hukua upesi, lakini hunywa maji mengi mno. Mwaka 2009 Waziri wa Mazingira wa Kenya wakati huo, John Michuki, aliagiza mikaratusi iliyo karibu na vyanzo vya maji ing'olewe. Chemchemi ikikauka, wa kwanza kutembea mbali ni mama na binti wenye ndoo.

Kuupanda si kazi ngumu. Okoteni matunda yaliyoiva, yenye rangi ya manjano. Yalowekeni, kisha yafikicheni kwa mchanga hadi ule utelezi utoke, mkazianike mbegu kivulini kabla ya kuzisia kitaluni. Msikate tamaa zikichelewa, maana huweza kukaa mwezi mmoja au miwili bila kuchipua.

Mwambao husubiri masika, lakini Ukambani mvua ya kutegemewa zaidi ni ya vuli. Mche na uingie ardhini mvua hiyo inapoanza. Chimbeni shimo la nusu mita, mchanganye udongo wa juu na samadi iliyooza. Chagueni mahali penye jua, hatua kumi au zaidi kutoka ukutani, kwani mti huu hutanuka.

Kiangazi cha kwanza ndicho mtihani. Maji ya udhu yakikingwa kwenye beseni, pamoja na yale ya kuoshea mchele, hutosha kuuhifadhi mche mmoja. Tandazeni majani makavu kuuzunguka, yasiguse shina. Wekeni uzio wa miiba, kwa sababu mbuzi hana subira. Shina likianza kupinda, punguzeni matawi ya chini mapema.

Walio ufukweni wana miti yao, kama mkwaju na mbambakofi, na utunzaji wake ni karibu na huo huo.

Mtume (s.a.w.) alitufundisha kwamba Muislamu apandapo mmea, kila aliwacho humo na mtu, mnyama au ndege huwa ni sadaka yake. Lakini mche uliokufa kwa kiu haumlishi yeyote. Basi kila nyumba imkabidhi mtoto mmoja mche wake, aumwagilie na kuulinda, mpaka siku atakapoketi kivulini pake, inshallah.