Oracle ilipoinunua Sun: Kiswahili cha kompyuta kilikwenda na nani?

Mtu wa Isaka hahitaji kuelezwa maana ya kampuni kubwa kuinunua ndogo. Mwaka 1999 Barrick ya Canada iliinunua Sutton Resources, na mgodi wa Bulyanhulu, huko huko Kahama, ukabadili mwenyewe. Mwaka 2019 Barrick hiyo hiyo ikachukua hisa zote za Acacia zilizokuwa mikononi mwa wengine. Mara zote mbili dhahabu ilimfuata mwenye leseni, na aliyekuwa nje ya uzio akabaki nje.

Ipo hata hivyo mali ambayo ikinunuliwa haiondoki yote na mnunuzi. Nayo ni programu huria za kompyuta, na kisa chake kinatugusa sisi wasemaji wa Kiswahili moja kwa moja.

Mwaka huo huo wa 1999, Sun Microsystems ya Marekani iliinunua StarDivision ya Hamburg, Ujerumani, watengenezaji wa programu ya ofisi ya StarOffice. Mwaka uliofuata Sun ikauweka msimbo wake hadharani kwa jina la OpenOffice.org. Yeyote aliruhusiwa kuusoma, kuurekebisha na kuugawa. Ruhusa hiyo ndiyo iliyowawezesha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux wakishirikiana na wenzao wa Sweden, kutoa Jambo OpenOffice mwaka 2004: programu ya kuandikia barua na kupigia mahesabu, yenye menyu za Kiswahili. Leseni haikuwataka wailipe Sun chochote.

Aprili 2009 Oracle ikatangaza kuinunua Sun kwa dola bilioni 7.4. Oracle ni mfanyabiashara mkubwa wa hifadhidata, na Sun ilikuwa imeinunua MySQL, hifadhidata huria, mwaka 2008 kwa dola bilioni moja. Ni sawa na muuza maji ya chupa kununua kisima cha kijiji. Haishangazi kwamba Tume ya Ulaya iliuchunguza mpango huo kwa miezi kadhaa kabla ya kuuruhusu Januari 2010.

Watengenezaji wa OpenOffice hawakusubiri kuona mwisho wake. Septemba 2010 wengi wao walijitoa, wakaunda taasisi ya The Document Foundation na kuendelea na kazi kwa jina la LibreOffice. Jina la zamani hawakuweza kuondoka nalo, kwani lilikuwa alama ya biashara ya Oracle. Msimbo waliondoka nao, kihalali kabisa. Juni 2011 Oracle yenyewe ikaikabidhi OpenOffice kwa taasisi ya Apache. Na Kiswahili? Hakikufungiwa stoo ya Oracle: LibreOffice ya leo ina kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili. Kwa upande wa MySQL, mwanzilishi wake Michael Widenius alianzisha MariaDB mwaka 2009, ingawa MySQL haikufa na Oracle inaiendeleza mpaka sasa.

Mkulima wa mahindi ataelewa haraka. Anayepanda chotara hurudi dukani kila msimu, na kampuni ya mbegu ikinunuliwa hana la kufanya ila kusubiri bei mpya. Anayepanda mbegu anayoweza kuirudia huchagua magunzi mazuri na kuyaweka kwa ajili ya mwakani. Lakini mbegu iliyowekwa darini bila kupandwa huliwa na wadudu. OpenOffice ya Apache ni mfano: tangu toleo la 4.1 la mwaka 2014 imekuwa ikipata marekebisho madogo madogo tu, kwa sababu watu wa kuihudumia walikwisha kuhamia kwingine.

Aidha, mnunuzi anaweza kubadili masharti ya matoleo yajayo. IBM iliinunua Red Hat mwaka 2019 kwa dola bilioni 34. Mwaka 2023 Red Hat ikaacha kuuweka hadharani msimbo kamili wa mfumo wake mkuu, ikawabakizia wateja wake.

Kwa hiyo wakala wa mizigo pale bandari kavu ya Isaka, anayetunza hesabu za makontena ya Rwanda na Burundi, au katibu wa chama cha msingi mwenye orodha ya wakulima wa pamba, asiridhike na neno "bure". Bure na huria si kitu kimoja. Aulize leseni inasema nini, na kama mafaili yanaweza kuhifadhiwa katika mfumo wa ODF, ambao tangu 2006 ni kiwango cha kimataifa na husomwa na programu nyingi. Ikiwa kazi yote inafanyika kwenye intaneti, swali ni lingine, maana hapo daftari lenyewe limo kwenye mashine ya mtu mwingine, na uhuria wa msimbo hausaidii sana. Huyo atake kuonyeshwa, kabla ya kulipa, jinsi ya kupakua orodha yake yote na kuifungua kwenye kompyuta ya ofisini.